Tangazo Lililoliwa na Mbuzi wa Marehemu

Mama yangu hataki kabisa nilitumie neno kustaafu. Anasema anayestaafu ni mtu mwenye mvi, na mimi nina miaka thelathini na miwili na meno yote kinywani. Jirani zetu hapa Mkolani nao wakiniona na ndoo asubuhi wanapaza sauti: "Mstaafu, shikamoo!" Naitikia, "Marahaba, wajukuu zangu, mmeamkaje?" Tunacheka, nateka maji, narudi ndani. Lakini kazi niliyoifanya miaka kumi na miwili imekwisha, mkataba haukuandikwa tena, na sare yangu sasa ni tambara la kupigia deki. Kama huko si kustaafu, basi nitafutieni neno lingine.

Nilikuwa mbandika matangazo ya mirathi katika mahakama ya mwanzo moja ya hapa Mwanza. Sitaitaja, wenyewe mnaijua. Nawaandikia nyie mlioingia baada yangu, ambao mlinipigia makofi siku naondoka na kuninunulia keki. Asanteni kwa keki. Mshahara sitauzungumza, na cheo sikuwa nacho. Nitazungumza habari ya gundi. Na mtaniwia radhi, maana nitaandika na hasira zangu. Nilijaribu kuandika nikiwa nimetulia, nikachana karatasi tatu.

Nilipoanza nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo baba aliyasoma mara moja tu akayaweka chini ya godoro. Nilikuwa nakaa kwa shangazi kule Ilemela, ndege zikipita juu ya mabati, nikawa nimeamua kwamba nitakuwa mhudumu wa ndege. Nikawa mhudumu wa mahakama. Nilijifariji kwamba tofauti si kubwa: kote unavaa sare na kuwaambia watu wakae.

Siku ya kwanza nilipewa fagio. Nikafagia korido, nikakuta kwenye benchi la mirathi watu wamejipanga tangu alfajiri, wanawake wengi, wengine bado na vitambaa vyeusi. Mimi na furaha yangu ya ajira nikawaambia kwa sauti, "Karibuni sana! Jisikieni nyumbani!"

Nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa Mzee Bwire, mpeleka samansa, Mjita mrefu mwembamba, baiskeli yake ameiegemeza ndani ya ofisi kana kwamba nayo ni mtumishi.

"Binti," akasema, "unaitwa nani?"

"Kabula, shikamoo."

"Marahaba. Sasa Kabula, hapa watu hatuwakaribishi. Hapa tunawapa pole. Hawa nyumbani ndiko walikofukuzwa, na wewe unawaambia wajisikie nyumbani."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Lakini siku ile ile, wakati wa chai, yule mzee aliniita nikae naye, akanieleza mirathi kwa dakika chache kuliko inavyomchukua karani kutafuta faili. Mtu amefariki, akasema, ameacha mali. Ndugu wanakaa kikao, wanachagua mmoja wao. Huyo anakuja hapa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, anajaza fomu namba moja. Mahakama inatoa tangazo: fulani anaomba kusimamia mali za marehemu fulani, mwenye pingamizi afike ndani ya siku thelathini. Siku zikipita hakuna aliyekuja, anateuliwa. Baada ya hapo analeta orodha ya mali kwenye fomu namba tano, halafu anagawa na kutoa hesabu, faili linafungwa.

"Sasa niambie," akaniuliza, "katika hayo yote, mjane anaingilia wapi?"

Nikafikiri. Nikasema, "Kwenye kikao?"

Akacheka kicheko kibaya. "Kwenye kikao anapika. Mjane anaingilia kwenye tangazo. Asipoliona, hana mlango mwingine. Kwa hiyo karatasi ile ukiibandika ovyo, umemfungia mtu mlango ukameza ufunguo."

Miezi michache baadaye goti lake likagoma baiskeli, nikawa namsaidia kubandika, na mwisho kazi ikawa yangu. Aliniachia vitu vinne: mkoba wa turubai, daftari la kusaini lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, brashi ya rangi, na kopo. Hilo kopo ndilo la maana. Gundi ya dukani haikuwahi kuwepo kwenye bajeti yoyote niliyowahi kusikia, hivyo Mzee Bwire alikuwa anapika uji mzito wa udaga, unga wetu wa muhogo, na karatasi ikishikwa na uji ule hata mvua ya Machi inapita inaiacha. Ila uji wa muhogo ni chakula. Nani anapenda chakula kilichopakwa ukutani kwenye kimo cha kichwa chake? Mbuzi. Analamba, karatasi inalainika, anamalizia na karatasi. Mzee aliligundua hilo zamani, ndiyo maana kila alipokoroga uji alitia pilipili kichaa zilizosagwa, kiganja kizima.

"Mbuzi wa Mwanza ni wasomi," alikuwa anasema. "Wanasoma mpaka muhuri."

Kanuni zake zilikuwa tatu na sikuziona zimeandikwa popote. Bandika mahakamani, bandika ofisi ya mtaa, bandika mlangoni pa nyumba aliyokuwa anaishi marehemu. Halafu tia pilipili. Halafu, wiki ikipita, rudi ukaangalie. Nasema tatu, naona sasa ile ya kwanza ina watoto.

Nilikuwa nanukia pilipili miaka yote ile. Nikijifuta jicho kwa bahati mbaya nalia njia nzima, watu wananipa pole ya msiba. Nilipenda ile kazi, nawaambia kweli. Nilipanda vilima vyote vya mawe vya mji huu, nikaona ziwa kutoka kila pembe, na kila nilipobandika nilikuwa najisikia nimegonga hodi kwa niaba ya mtu.

Sasa hasira. Nianze na ile iliyokuja kwanza.

Wanawake walikuwa wanakuja dirishani wenyewe kuomba kusimamia mirathi ya waume zao. Karani wetu wa masijala, nitamwita Dotto kwa kuwa siyo jina lake, alikuwa hainui hata kichwa. "Muhtasari wa kikao cha ukoo uko wapi?" Mwanamke anaeleza kwamba ukoo ndio uliomfukuza. "Nenda kalete muhtasari." Ukoo uliochukua mpaka sufuria zako, urudi ukauombe ukupigie muhuri! Wengine walienda wakarudi, wakaenda wakarudi, mpaka viatu vikaisha visigino, na siku moja hawakurudi tena. Nikawa naamini hiyo ndiyo sheria. Nilikuwa nimefanya kazi miaka sita ndipo nikamsikia hakimu mmoja akimwambia Dotto mbele ya watu kwamba muhtasari ni desturi tu ya kurahisisha kazi, si sharti la sheria, na mtu asiye nao apokelewe. Dotto akasema, "Sawa, Mheshimiwa." Kesho yake: "Muhtasari uko wapi?"

Miaka sita nilifagia mbele ya dirisha lile nikiwaambia wanawake, "Dada, nenda tu kalete." Kwa sauti ya upole kabisa. Upole wa mtu asiyejua ni upole wa hatari, nawaambia.

Lakini hiyo haikunifukuzisha kazi. Iliyonifukuzisha ni ya Mama Rebeka.

Mume wake aliitwa Mafuru, fundi wa kuunda mitumbwi, Mjita wa ufukweni kule Mara aliyehamia Igoma na mkewe wakiwa vijana. Walipata kiwanja kilimani, kiwanja chenyewe ni jabali. Mnajua sisi tunavyojenga hapa: unawasha moto juu ya jiwe, unamwagia maji, linapasuka, halafu mtu anakaa chini na nyundo anagonga kokoto. Mafuru alikuwa mwaloni, kule ufukweni, na mitumbwi yake. Aliyekaa chini na nyundo alikuwa Mama Rebeka, miaka minne, mtoto mgongoni. Msingi wa nyumba ile ni mkono wake. Kwenye karatasi ya kiwanja kuna jina moja tu, la mume.

Mafuru alipofariki alirudishwa kwao kuzikwa. Mjane akakaa kule kwenye matanga, kama inavyotakiwa, na wakwe wakawa wanamwambia usiwe na haraka, bado wageni wanakuja. Wakati huo shemeji yake, Masatu, mdogo wa marehemu, alikuwa ameshaingia Mwanza na muhtasari mkononi. Fomu namba moja ikajazwa, tangazo likatoka, likaingia kwenye mkoba wangu.

Siku ile pilipili ilikuwa imeisha. Hakuna hadithi zaidi ya hiyo. Kopo limejaa uji, pilipili hakuna, sokoni ni kurudi nyuma, na jua kali. Nikajiambia siku moja tu. Ofisi ya mtaa nilibandika kwenye ubao ambao tayari una tangazo la mechi, la kwaya na la mtu aliyepotelewa na cheti. Nikapanda kilima, nyumba nimekuta imefungwa, nikapaka uji mlangoni, nikabandika karatasi yangu safi, nikainyoosha kwa kiganja. Pembeni mbuzi mmoja mweusi alikuwa amelala kivulini ananitazama. Nikamwambia, "Shikamoo bibi." Hivyo ndivyo nilivyokuwa mchangamfu.

Jumatatu nikatia sahihi kwamba tangazo limebandikwa. Ni kweli lilibandikwa. Wiki iliyofuata sikurudi kuangalia, maana nilikuwa na foleni ya matangazo mengine na kichwani nilikuwa nawaza ukumbi. Nilikuwa na ndoto ya kufungua ukumbi wa kupamba maharusi. Siku thelathini zikapita, hakuna aliyekuja, Masatu akateuliwa.

Mama Rebeka aliporudi Igoma alikuta kufuli jipya mlangoni. Masatu alimwonyesha barua yenye muhuri wa mahakama yetu na kumwambia nguo zake na vyungu viko kwa jirani, na kwamba mnunuzi wa nyumba ameshakuja kupima, mwisho wa mwezi anakabidhiwa. Asubuhi iliyofuata mwanamke alikuwa kwenye benchi letu. Nilikuwa napiga deki. Alipofika dirishani akafungua kikapu, akatoa nyundo, akaiweka mbele ya Dotto.

Dotto aliruka na kiti. "Mama! Unataka kufanya nini?"

"Sitaki kukupiga, mwanangu. Shemeji yangu ana karatasi yenye muhuri wenu. Mimi nina hii. Nyumba niliigonga na hii. Nataka kujua nani aliniuliza."

"Tangazo lilitoka, mama. Siku thelathini. Lilibandikwa mpaka mlangoni kwako. Hukupinga."

"Tangazo gani?"

Dotto akafungua faili, akageuza kuelekea kwake. Chini ya karatasi kulikuwa na sahihi yangu. Kabula, na ule mkia wa herufi ya mwisho ninaouvuta kwa madaha. Maji ya deki yalinipolea miguuni.

Mchana ule nilipanda Igoma bila kuaga. Mlangoni kulikuwa na alama ya uji mkavu, mraba mzima, na juu kabisa pembeni, mbuzi asikofika, kipande cha karatasi kama kiganja cha mtoto. Kilikuwa na nusu ya muhuri na ukingo uliotafunwa. Jirani yake, mama mmoja wa Kihaya anayeitwa Ma Koku, ndiye aliyekuwa ameachiwa kumwangalia yule mbuzi. Nilimuuliza.

"Eh, karatasi? Nilimkuta anatafuna kesho yake asubuhi. Nikamfukuza na ufagio. Nilidhani ni mfuko wa saruji." Akanitazama. "Kwani ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia.

Ma Koku akakaa chini kwenye jiwe. "Mungu wangu. Ningeiona ningempigia simu dakika ile ile. Namba yake ninayo. Simu ninayo. Salio lilikuwepo!" Kisha akanigeukia kwa ukali. "Na wewe unabandika unga mlangoni kwa watu wenye mbuzi, una akili wewe?"

Nilikibandua kile kipande kwa kisu, nikakitia kwenye daftari langu.

Nilipomwambia Dotto nataka kusema, alifunga mlango wa masijala. "Kabula, mdogo wangu, sahihi ni yako. Ukisema lililiwa, umejichongea. Nyamaza. Mbuzi hana namba ya kesi."

"Na mama yule?"

"Huyo si wa kwanza."

Wenzangu, neno hilo ndilo linalonipandisha mpaka leo. Si wa kwanza! Kana kwamba wa kwanza alikuwa ameonewa na hawa wengine wanajazia tu idadi. Nilitoka nikaenda kwa Mzee Bwire, alikuwa amelala na goti lake, nikamweleza yote. Nilitegemea anipe pole. Aliuliza jambo moja tu: "Ulirudi kuangalia?" Nikasema hapana. "Basi nenda kaseme hivyo," akageukia ukutani.

Mama Rebeka aliomba usimamizi wa Masatu utenguliwe. Hakimu akazuia nyumba isiuzwe mpaka asikilize, na mnunuzi akapewa taarifa. Siku ya kusikilizwa nilikaa nje na mashahidi, kwenye benchi nililolifuta miaka kumi na miwili, na ndipo nikajua kwamba lina msumari.

Masatu alikuja na suti na ndugu wanne. Aliongea vizuri, lazima niseme, maana mlango ulikuwa wazi na pale bechini nilisikia kila neno. Kikao kilikaa, mjane alikuwepo, aliridhia, muhtasari huu hapa. Hakimu akamgeukia Mama Rebeka, akamuuliza kama kweli alikuwepo.

"Nilikuwepo, Mheshimiwa. Nilikuwa jikoni nasonga ugali wa hao waliokuwa wanakubaliana."

"Sahihi hii ya dole gumba ni yako?"

"Dole ni langu. Waliniletea daftari wakaniambia ni la waliohudhuria msiba. Nikasema kweli nimehudhuria, mume ni wangu."

Kisha nikaitwa mimi. Niliingia kile kipande cha karatasi nimekishika kama mtu aliyeshika nauli.

"Shahidi, tangazo ulibandika?"

"Nilibandika, Mheshimiwa. Mlangoni."

"Lilikaa siku ngapi?"

"Usiku mmoja."

"Umejuaje?"

"Lililiwa, Mheshimiwa."

"Na nani?"

"Na mbuzi."

Chumba kizima kilicheka. Hata askari wa mlangoni. Masatu akasimama akitabasamu: "Mheshimiwa, huyu binti anatuletea hadithi za sungura na fisi. Mbuzi gani? Mwanza nzima ina mbuzi wangapi?"

Hapo ndipo hasira iliponipa akili, maana mimi si mtu wa kuwahi kujibu. Nilikuwa nimeliona faili lile mara nyingi wiki ile nikilifuta vumbi makusudi. Nikasema, "Mheshimiwa, mbuzi yupo kwenye fomu namba tano. Ameandikwa mwishoni."

Hakimu akageuza kurasa. Akasoma kwa sauti, polepole. Nyumba moja, Igoma. Mtumbwi mmoja. Vifaa vya useremala. Kochi seti moja. Baiskeli. Mbuzi jike mmoja, mweusi, mwenye baka jeupe shingoni.

"Bwana Masatu, orodha hii uliiandaa mwenyewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Kwa uaminifu. Sikuacha kitu."

"Huyu mbuzi ulimwona wapi?"

"Pale pale nyumbani kwa marehemu. Anashinda mlangoni, hafungwi." Alikuwa ameshasema ndipo akajisikia. Tabasamu lilibaki usoni peke yake, mwenyewe ameondoka.

Hakimu akachukua kile kipande changu, akakiangalia ukingo, akakiweka juu ya faili. Kisha akasoma orodha tena tangu juu, kimya, kidole kikishuka.

"Mjane wa marehemu umemwandika wapi? Kwenye mali simwoni, hilo ni jema. Kwenye warithi pia simwoni."

Mmoja wa ndugu akainama kufunga kamba ya kiatu kisicho na kamba.

Mbuzi aliandikwa mpaka baka lake. Mwanamke aliyegonga msingi wa ile nyumba hakuandikwa popote. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu na bado sijapata mahali pa kuliweka.

Usimamizi ulitenguliwa. Hakimu alisema mtu hawezi kuhesabiwa amejulishwa na karatasi iliyoishi usiku mmoja, na kwamba Mama Rebeka anaweza kuomba mwenyewe, bila muhtasari. Aliposema "bila muhtasari" alimtazama Dotto. Mimi nilipata barua ya onyo kwa kutia sahihi bila kurudi kukagua. Barua ile niliistahili, na nimeitunza. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, nikaambiwa hautaandikwa tena kwa kuwa utaratibu umebadilika: sasa mwombaji anachukua tangazo anabandika mwenyewe, anapiga picha kwa simu, analeta picha.

Nimeuliza, na nauliza tena hapa: Masatu angebandika wapi? Angebandika mlangoni, angepiga picha nzuri yenye jua, angebandua, angetia mfukoni. Mbuzi wangu angalau alikuwa na njaa ya kweli. Picha haionyeshi kesho yake, wadogo zangu. Mkiletewa picha, nendeni mkaangalie kwa macho. Hamtalipwa kwa hilo, na Dotto atawaambia mnajipendekeza. Nendeni. Na anayekuja dirishani bila muhtasari, msimwambie "nenda tu kalete" kwa sauti ya upole kama mimi. Mpokeeni.

Tangazo la mwisho nililobandika lilikuwa la Mama Rebeka. Nawaambia mapema, msije mkakaa roho juu: siku thelathini zilipita, Masatu hakufika, mama ana barua yake na kufuli lake, na anaishi mle mle. Lakini nataka mwione siku ile.

Nilipanda na kopo langu la uji, sare imefuliwa, nimebakiwa na siku mbili kazini. Pilipili safari hii sikuzisahau, nilikuwa nazo mfuko mzima. Mama Rebeka aliniangalia nikianza kuzivunja kwa vidole, akasema, "Hebu lete huku, utajiumiza macho." Akaingia ndani akatoka na nyundo. Akazimwaga juu ya jiwe la kizingiti, jiwe alilolipasua mwenyewe akiwa bado kijana, akazigonga. Aligonga kwa mwendo ule ule wa kokoto, taratibu, bila kuangalia mkono. Ma Koku upande wa pili wa ua alianza kupiga chafya na kutulaani kwa Kihaya.

Tulikoroga. Nikapaka, nikabandika, yeye akanyoosha kwa kiganja. Akasimama mbele ya karatasi, akatafuta jina lake kwa kidole mpaka akalipata, akakiacha kidole pale.

Mbuzi alikuja. Alikuja kama mwenye nyumba, akatupita, akanyoosha shingo yenye baka, akalamba mara moja. Akarudi nyuma. Akapiga chafya mpaka masikio yakagongana, akatutazama kama tuliomdhulumu.

"Lamba tena," Mama Rebeka akamwambia. "Si unajua kusoma? Soma. Safari hii na mimi nimeandikwa."